Kizuka wa Botini

Mahfoudha binti Khelef hakuyapenda maji. Alimpenda Suud, na Suud aliyapenda maji, basi ikawa hivyo.

Alikuja Maskati angali msichana wa shule, pamoja na wazazi wake, miaka ile watu wetu walipokuwa wakirudi kutoka Unguja kwa mafungu. Akasoma, akaajiriwa hospitalini kupiga picha za eksirei, akaolewa na Suud aliyekuwa akikagua mashine za meli bandarini. Walijaaliwa mtoto mmoja tu, Khulood. Waliishi Khuwair ya Kusini, katika fleti juu ya duka la mapazia, maisha ya watu wa kawaida wasiosemwa na mtu.

Wakaanza kusemwa Suud alipostaafu. Alinunua boti kuukuu lililokuwa likipeleka watalii kutazama pomboo, akalibomoa ndani, akalitengeneza upya: kitanda, jiko la gesi, choo, kabati la vyombo lenye mlango wa kufungwa kwa kitasa ili sahani zisiruke. Mwanzo walikuwa wakienda siku za Ijumaa tu. Kisha wakawa wanalala usiku mmoja, mara mbili, mara tatu. Mwisho fleti wakaikodisha, wakahamia botini kabisa, gatini kwenye maegesho ya maboti. Jamaa walishangaa. Mambo ya kuishi kwenye boti ni ya Wazungu, walisema. Mtu wa makamo, mwenye mke na heshima zake, atalalaje juu ya maji kama bata? Suud akicheka. Mahfoudha akitandika kitanda, akipika wali wake wa nazi kwenye jiko la mafiga mawili.

Kusini ya mji pwani yote ni majabali makavu, na bahari imeingia baina yake kwa vidole vidole. Kimojawapo ni hori lililotulia, na humo Suud alitia boya lake la kufungia boti. Mbele ya hori kimekaa kisiwa cha jiwe tupu. Kulifikia hori kuna njia mbili. Waweza kukizunguka kisiwa kwa upande wa bahari kuu, na safari hiyo hula asubuhi nzima. Au waweza kupenya baina ya kisiwa na bara, katika mlango mwembamba wenye kuta za mawe pande zote mbili, nao haupitiki ila maji yakiwa yamejaa. Ile ya nje Suud akiiita Njia Kuu. Ya ndani akiiita Uchochoro, kwa kuwa ilimkumbusha vichochoro vya Mji Mkongwe alikozaliwa, ambako ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili.

Kila wakifungua kamba alimuuliza mkewe, "Leo tupite wapi?"

"Njia Kuu," Mahfoudha akijibu, maana akiyaogopa yale mawe.

"Haya," Suud akisema, kisha akashika zake Uchochoro. Miaka yote ikawa hivyo, na hakuacha kumuuliza.

Asubuhi moja walikuwa wamelala horini. Suud aliteremsha kiboti cha mpira chenye mashine ndogo ya kupachika nyuma, akasema anakwenda kuvua ngisi mle Uchochoroni, hatachelewa. Mahfoudha alibaki jikoni akikanda unga wa chapati. Alikuwa akiisikia ile mashine ndogo nyuma ya jabali, ikivuma, ikizunguka, ikisogea, ikienda mbali kidogo, ikirudi. Akasema moyoni, huyu leo kawakuta ngisi. Akachoma chapati zote, akazifunika kwa kitambaa. Mashine ikawa bado inazunguka. Jua likapanda juu ya majabali. Hapo ndipo alipotoka nje kumwita, na akawa bado anamwita wakati boti la watalii lilipotokea Uchochoroni likikikokota kile kiboti. Hakikuwa na mtu.

Mashine ya namna ile isiposhikwa na mkono hujipinda upande, na kiboti huzunguka pale pale mpaka mafuta yaishe. Suud walimkuta chini ya jabali, maji yakimtikisa taratibu. Daktari alisema moyo ulisimama kabla hajaanguka, kwa hiyo hakuteseka, na wala isingekuwapo njia ya kumwahi. Mahfoudha alilisikiliza neno hilo kwa adabu. Alikuwa mtu wa hospitali. Alijua namna madaktari wanavyozungumza na wafiwa.

Baada ya maziko kukazuka suala la eda. Khulood alikuwa na nyumba mpya Mabela, vyumba vingi, na chumba kimoja kilikwisha tandikwa kwa ajili ya mama yake. Mumewe, Sami, alilirejesha boti gatini kwa Njia Kuu, akiwa na rafiki yake, na kila mtu akadhani safari ya majini imekwisha. Mahfoudha akampigia simu Bi Masouda, anayesomesha kina mama pale msikitini, akamuuliza mwanamke aliyefiwa akae wapi.

"Akae nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe," Bi Masouda alisema.

"Yangu mie ni boti."

Bi Masouda akauliza, "Ndiyo nyumba yako?"

"Sina nyengine. Ile ya Khuwair wamo wapangaji."

"Basi ndiyo hiyo. Na nyumba ikihama, nawe hama nayo."

Khulood alilia, akasema mama anakwenda kukaa eda kwenye ubao mbele za watu. Mahfoudha hakubishana. Alitundika mapazia mazito kwenye madirisha, akavaa nguo zisizo rangi, akaweka mbali wanja na manukato, akakaa.

Kwetu mwanamke akikaa eda ya kufiwa na mume huitwa kizuka. Neno hilo hilo ndilo la kile kinachomzukia mtu njiani, kisichokuwa mtu. Wazee hawakuona tabu kuyaita mambo mawili kwa jina moja.

Ili asikae peke yake, Khulood alimpa Nankya, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake. Nankya alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Mubende, bara kabisa, na hajawahi kukanyaga hata mtumbwi. Siku za mwanzo alilala amevaa jaketi la kuokolea. Kwa namna alivyokuwa amelifunga lile jaketi, Mahfoudha alicheka mara ya kwanza tangu afiwe, kisha akaona haya kwamba amecheka.

"Mama," Nankya aliuliza siku moja, akiosha vyombo, "hao wamama waliokuja jana walisema wewe ni kizuka. Kizuka ni nini?"

"Ndo mie," Mahfoudha akamjibu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Asubuhi, jua likishapanda juu ya jabali la gatini, alikuwa akiisikia ile mashine ndogo. Haikuwa kubwa kama zile za maboti ya kukodi. Ilikuwa ile ile, yenye kikohozi kidogo kila baada ya muda, kikohozi ambacho Suud alikuwa akisema atakitengeneza kesho. Ikisogea, ikizunguka, ikienda mbali, ikirudi. Mara ya kwanza alivuta pazia akachungulia, akaona maji matupu. Mara ya pili hakuchungulia. Alijiambia ni akili ya mfiwa. Aliwaona wengi hospitalini wakisikia sauti za waliokufa, na aliwahi kuwaambia kwa upole kwamba itapita. Akaingojea ipite. Kila ilipokuja alisoma aya alizozijua, akaendelea kukunja nguo.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Nankya alikuwa akimenya vitunguu, akasimamisha kisu.

"Mama, huyu mtu wa injini ndogo ni nani?"

"Mtu gani?"

"Huyu anapitaga asubuhi. Anazunguka, anazunguka. Mimi nachungulia kila siku, simwoni. Anafichaga wapi hiyo boti yake?"

Mahfoudha aliiweka chini nguo aliyoishika. "Toka lini unamsikia?"

"Toka nimekuja." Nankya akamtazama. "Kwani Mama humsikii?"

"Nnamsikia."

Tangu hapo hofu ya Mahfoudha ilibadilika. Mwanzo alikuwa akiogopa kwamba anapotewa na akili. Sasa alijua akili yake ni nzima, na hilo halikumpa raha hata kidogo. Usiku akilala aliwaza: ikiwa kweli inazunguka, basi bado hajaifikia mtu akaizima. Bado inamngoja mtu.

Kabla eda haijaisha wasimamizi wa maegesho walitangaza kwamba magati yote ya kuelea yatang'olewa yawekwe mapya. Kila boti litoke. Mwenye kutaka angeweza kulipandisha lake nchi kavu, likae juu ya magogo mpaka kazi iishe. Lakini juu ya magogo hakuna aliyeruhusiwa kulala. Khulood akaja mbio. Alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, akapanda daraja la gatini akishika kiuno.

"Mama, hii ni dharura. Dini yenyewe inakuruhusu. Njoo Mabela."

"Mwanangu, kuna dharura na kuna njia nyepesi. Boya la baba yako liko horini. Ntakwenda kufunga kule."

"Nani atakupeleka? Sami kapelekwa Salala na kazi yake. Na mimi hali yangu unaiona. Au utapanda na nahodha wa kukodi, mwanamme wa nje, nawe uko edani?"

"Ntaendesha mwenyewe."

Khulood aliangalia mikono ya mama yake, iliyokuwa juu ya magoti, imetulia. "Utapita wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. Mahfoudha akamwambia hajajua bado.

Alikuwa anasema kweli. Siku ya safari, asubuhi, alikaa mezani na chai yake. Nankya akakaa mbele yake, na jaketi lake kifuani, akingoja aambiwe la kufanya. Mahfoudha akaona si haki kumpeleka mtu mahali bila ya kumwambia mahali penyewe.

"Njia ni mbili," akasema. "Moja iko nje, ni ndefu, na kusi halijamaliza kuvuma, mawimbi ni manene. Moja iko ndani. Fupi, na maji yake yametulia kama ya birika."

"Sasa si tupite ya ndani, Mama?"

"Humo ndimo alimofia mume wangu. Akiwa na ile mashine ndogo unayoisikia."

Nankya akajifanyia ishara ya msalaba, kisha akautazama mkono wake kama aliyekosea adabu. Mahfoudha akamwambia hapana neno, kila mtu na kinga yake.

"Basi tupite ile ingine," Nankya akasema. "Hata kama ni ndefu."

Wakafungua kamba, wakatoka. Mahfoudha alijifunga mtandio mweusi mpaka puani, akashika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa nahodha mzuri lakini alikuwa mwangalifu, na boti lilimjua. Walipita chini ya majabali, wakaufikia mlango wa Uchochoro upande wa kulia, kwa bara, mwanya mweusi baina ya kuta mbili. Hakugeuza shingo. Akaupita, akaelekea baharini.

Nje ya kisiwa mawimbi yaliwapokea kwa kichwa. Hayakuwa ya kuvunjika. Yalikuwa milima mirefu, myororo, inayokuja mmoja baada ya mwengine bila ya haraka. Boti likipanda, likisimama kidogo kileleni, kisha likianguka. Kabati la vyombo lilifunguka na sahani zikaruka licha ya kitasa. Nankya alitapika ndani ya ndoo, akawa anaomba kwa Kiganda. Mahfoudha alikaza macho kwenye pua ya kisiwa, pale watakapokata kona, akahesabu moyoni kwamba wakiifikia tu mambo yatakuwa mepesi.

Hawakuifikia. Boti likirushwa vile, uchafu uliolala chini ya tangi la dizeli huamka ukaenda kuziba chujio. Suud alikwisha mwambia hilo mara nyingi. Mashine ilianza kusitasita, ikapandisha sauti, ikashusha. Kisha nguvu ikapungua kabisa. Ikawa inanguruma bila ya kusukuma, na mawimbi yakawa yanawarudisha nyuma, huku yakiwasogeza kwenye mawe ya kisiwa.

"Mama!" Nankya aliita. "Mama, hayo mawe!"

Mahfoudha aliyaona. Aliona pia kwamba kuendelea mbele hakuna, na kulifungua chujio hapo, boti likirushwa, hakuna. Palikuwa na mahali pamoja tu pa maji matulivu, na mawimbi yenyewe yalikuwa yakielekea huko. Akangoja wimbi lipite, akageuza usukani wote, boti likaonesha ubavu, likalala upande mpaka Nankya akapiga ukelele, likainuka. Sasa mawimbi yalikuwa mgongoni, yakiwapeleka. Na ile mashine dhaifu ikatosha kuwaelekeza, si zaidi. Ule mwanya mweusi ukaja mbele yao, ukapanuka, ukawaingiza.

Mle ndani palikuwa kimya mara moja, kana kwamba mtu amefunga mlango. Maji yalikuwa ya kijani na mazito, bado yamejaa. Kuta zilipanda pande mbili, na mbingu ikawa utepe. Mashine ikakohoa mara ya mwisho, ikazimika. Mkondo ukawa unawachukua pole pole kuelekea katikati.

"Shika upondo," Mahfoudha alisema. "Kaa mbele. Tukisogelea jabali, lisukume. Usiogope, sukuma tu."

Nankya, uso wake umekauka, alikwenda akaushika ule mti mrefu, akalisukuma boti mbali na mawe. Mahfoudha akatia nanga ndogo, ikashika. Akafungua kifuniko cha chumba cha mashine, akateremka, akatafuta chujio jipya. Mikono yake ilikuwa imelowa dizeli, inateleza, na alikuwa akilizungusha kopo la chujio kuukuu lifunguke, ndipo alipoisikia.

Ilitokea nyuma ya kona. Mashine ndogo, yenye kikohozi chake. Ikaja, ikakaribia, na sauti ikajaa baina ya zile kuta hata hukujua inatoka wapi. Ikapita ubavu wa kulia. Mahfoudha alisikia vijiwimbi vidogo vikipiga ubao, upande ule ule, juu tu ya kichwa chake. Kisha ikazunguka nyuma ya shetri, mkiani mwa boti, na vijiwimbi vikapiga upande wa kushoto.

Alipanda juu. Nankya alikuwa amesimama omoni, mbele ya boti, upondo mkononi, akiyatazama maji. Hapakuwa na kiboti. Palikuwa na mkunjo juu ya maji, mkunjo wa kitu kinachopita, ukiwazunguka.

"Mama," Nankya alisema bila ya kugeuka, "ananizunguka mimi au anakuzunguka wewe?"

Mahfoudha alirudi nyuma, akashika chuma cha shetri. Aliwaza dua, na dua hazikuja. Kilichokuja kilikuwa kile alichokuwa akikisema kila siku ya ndoa yao, Suud akiwa gatini anachezea mashine na chakula kinapoa. Akavuta pumzi, akapaza sauti kama mke anavyompazia mumewe, bila ya woga wala upole.

"Suud! Zima mashine! Imetosha, baba. Zima, urudi."

Jabali likamrejeshea maneno yake, mara mbili. Kisha pakawa kimya. Ule mkunjo ulifika ubavuni mwa boti, ukalainika, ukapotea. Maji yakabaki yanang'aa, hayana kitu.

Hatimaye Mahfoudha akarudi kwenye mashine yake, akafunga chujio, akasukuma dizeli kwa ile pampu ndogo ya mkono, akapanda, akajaribu. Mara ya tatu ikashika. Wakang'oa nanga, wakapita Uchochoro wote mpaka mwisho, wakatokea horini, wakafunga kwenye boya. Nankya alikaa chini juu ya ubao, akaanza kucheka, kisha akalia, na Mahfoudha akamshika kichwa akakilaza pajani.

Asubuhi ya pili Mahfoudha aliamka mapema, akakaa kungoja. Jua lilipanda juu ya majabali. Hakusikia kitu. Siku iliyofuata pia. Watu wangedhani alifurahi. Lakini mwanamke aliyezoea kuisikiliza kila asubuhi, akanyang'anywa hata hilo, alibaki na kitu kibaya zaidi ya hofu. Alijiambia: nimemfukuza. Kanijia toka siku ile, kaniandama mpaka gatini, na siku niliyomkuta uso kwa uso nimemwambia imetosha. Akawa hali vizuri. Akawa anatoka nje asubuhi, kimya, anageuza sikio upande wa Uchochoro kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Wakiwa kule, Khulood alijifungua mtoto wa kike, akamwita Kawthar. Bibi yake alimwona kwenye simu tu, uso mdogo uliokunjana, na sauti ikikatikakatika kwa sababu ya majabali. Khulood alisema, "Mama, ungekuwa hapa," akakata. Lilikuwa neno la haki na Mahfoudha alilipokea.

Siku eda ilipokwisha alikoga, akavaa kanzu ya rangi ya zambarau, akajifukiza udi mpaka boti zima likanukia. Nankya alikuwa akimsuka nywele. Mahfoudha akamuuliza bila ya kugeuza kichwa:

"Siku ile Uchochoroni. Nambie kweli, usinionee huruma. Mie nilikuwa nyuma, nnapiga kelele, sikuweza kusikia sawa. Wewe ulikuwa mbele. Ilinyamaza baada ya mie kusema, au vipi?"

Vidole vya Nankya vilisimama kwenye nywele.

"Kabla, Mama."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hujaita. Ulipopanda juu, ukasimama pale, ilikuwa imeanza kupunguza. Kama mtu akifika anapotaka, si anapunguza? Ukaita, lakini yeye alikuwa tayari amezima. Hayo maji tu ndiyo yalikuwa bado yanatembea."

"Wallahi?"

"Mimi siapi hivyo, Mama. Lakini ni kweli."

Mahfoudha hakuwahi kujua kama ilikuwa kweli au huruma ya msichana aliyeona bibi anakonda. Aliwahi kuniambia kwamba amelifikiri sana suala hilo na amechoka nalo. Siku ile, nywele zilipokwisha kusukwa, aliomba chakula, akala sahani nzima.

Alikwenda Mabela akakaa na mjukuu wake. Alimpakata mtoto mchana kutwa, akamwimbia, na Khulood akamsamehe kabla hajaombwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na kiyoyozi kinachovuma kila chumba, na Mahfoudha hakupata usingizi. Alikuwa akiamka anakaa kitandani anasikiliza ukutani. Sami aliporudi kutoka Salala akamwambia mkewe kwa siri, mwache mama aende zake. Akaenda.

Nankya, mkataba wake ulipotaka kufanywa upya, aliomba yeye mwenyewe abaki botini. Amejifunza kushika usukani, na jaketi sasa analitundika msumarini. Kila wanapofungua kamba hushika zamu. Zamu ikiwa ya Nankya hupita Njia Kuu, hata kusi likiwa linavuma, na Mahfoudha akimtania kwamba anapenda kutapika, humjibu, "Mimi simtafuti mtu huko ndani, Mama."

Zamu ikiwa ya Mahfoudha, hupita Uchochoro. Akifika katikati huzima mashine, akaliacha boti liende na mkondo, akatega sikio. Nankya hukaa mbele na upondo wake, akilisukuma jabali likikaribia. Hukaa hivyo mpaka maji yaanze kupwa na mawe ya chini yaanze kuonekana, na hapo hapana budi, huiwasha mashine tena.